Mikorosho ya Mkwe

Mjomba Abilahi aliporudi kutoka msikitini alimkuta Moza palepale alipomwacha, kwenye benchi la nje ya ofisi ya shehe, na mkeka wa kuswalia umekunjwa kando yake haujaguswa. Akautazama mkeka, akamtazama mpwa wake, akaelewa. Mwanamke mzima asiyeumwa, adhana ikalia na yeye asinyanyuke, ana sababu moja tu. Mzee akajikohoza, na furaha iliyompanda usoni ikamshinda kuificha.

"Kumbe imekwisha," alisema kwa sauti ya chini.

Moza alivuta ushungi mbele kidogo.

"Basi mambo yametimia. Shehe akikuuliza, sema kweli. Kweli haimwangushi mtu."

"Na akiniuliza habari ya mikorosho, mjomba? Nayo niseme kweli?"

Mzee Abilahi akakunja uso. "Ya mikorosho niachie mimi."

Ukweli usemwe, Abilahi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mjomba, na kwa Wamwera wa Kilangala ujomba ni cheo. Ndiye aliyemlea Moza baba yake alipofariki, ndiye aliyemlipia ada, ndiye aliyesimama katikati ya uwanja siku ya arusi yake akapokea wageni waliotoka kisiwa cha Songo Mnara na vikapu vya samaki wakavu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kilichoota juu ya ardhi ya mama zake alikihesabu kuwa chake, hata kama jasho lililokiotesha lilikuwa la mtu mwingine.

Na jasho hilo lilikuwa la Haruna. Haruna alikuwa kijana wa kisiwani, aliyezaliwa na kukulia kwenye maji, hajui jembe linashikwa upande gani. Alimpenda Moza akakubali kuhamia ukweni, kama desturi ya huko inavyotaka, akaacha nyavu za baba yake, akaanza kuchekwa na watoto wa Kilangala kwa namna alivyopalilia. Alijifunza. Shamba la bondeni, ambalo wakati ule lilikuwa vichaka na nyani, alilifyeka peke yake, akapanda mikorosho, na Moza akiwa na mimba ya Imani akawa anabeba maji kichwani kuinywesha miche mmoja mmoja. Leo mikorosho ile ndiyo inayosemwa kijiji kizima.

Mwezi wa saba, wakulima walipoitwa kuandikishwa kwa ajili ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, Haruna alifika kwenye chama cha msingi cha ushirika akaambiwa shamba la bondeni limekwisha kuandikwa. Jina la mwenye shamba: Abilahi. Akarudi nyumbani akamkuta mjomba na wazee wenzake wanakunywa uji, na Moza ndiye anayewamiminia. Akauliza kwa adabu. Mjomba akamjibu mbele ya watu wote:

"Mkwe hana mti. Mkwe ana jembe tu."

Wazee wakacheka. Haruna hakumtazama mjomba, alimtazama mkewe. Moza akainamisha macho, akaendelea kumimina uji.

Usiku ule walipobaki wawili Haruna alisema, "Umesikia, ukanyamaza."

"Ni mjomba wangu, Baba Imani. Ningesema nini?"

"Ungesema ulichokiona kwa macho yako. Wewe peke yako duniani ndiye uliyeniona nikipanda."

"Usinigombanishe na ndugu zangu."

"Basi baki nao." Na ndipo hasira ilipomtangulia akatamka talaka, moja, na lilipokwisha kumtoka neno lile wote wawili walibaki wameduwaa, hata mtoto chumbani akakohoa.

Talaka moja ina mlango. Mke akiwa edani mume anaweza kumrejea kwa neno lake tu, bila arusi, bila mahari. Moza alijua hivyo, na Haruna alijua hivyo. Sheria ya dini ilitaka mke akae eda katika nyumba ya ndoa, lakini nyumba ilikuwa juu ya ardhi ya ukoo, kwa hiyo aliyefungashwa virago alikuwa mume. Akapanga chumba mjini Lindi, akawa anashusha samaki bandarini. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja Kilangala na unga, mafuta na samaki, akaviweka barazani, akabisha hodi.

"Matumizi ya eda haya."

"Mungu akuzidishie," Moza alijibu akiwa nyuma ya mlango.

Halafu Haruna angesimama. Hasemi, haondoki. Moza naye angesimama ndani, kiganja kwenye ubao wa mlango, akisikia pumzi za mwanamume aliyelala naye miaka yote ile, akiomba, Ya Rabi, aseme. Haruna alingoja mkewe aseme amekosa. Moza alingoja mumewe aseme nimekurejea. Kila mmoja alikuwa na neno la mwenzake mkononi, akalishika kwa kiburi. Jana Ijumaa alikuja hivyohivyo, akasimama kuliko siku zote, akaondoka. Na alasiri ya jana, samaki wake wakiwa bado hawajaparuliwa, Moza akaingia katika siku zake kwa mara ya tatu, na eda ikakatika. Alikaa chini sakafuni akalia hadi Imani akaja kumuuliza mama unaumwa wapi.

"Dada Moza." Yustina, msaidizi wa kisheria aliyekuwa ameombwa kumsindikiza, alikaa karibu naye mjomba alipoondoka kwenda kunawa. Yustina alikuwa Mkatoliki kutoka bara ya Kilwa, mwanamke mpole mwenye sauti ya kutuliza. "Nikueleze tena, usije ukachanganyikiwa ndani. Hapa ni kwa usuluhishi. Shehe akishindwa kuwapatanisha, atawapa hati, na mahakama ya mwanzo ndiyo itakayovunja ndoa na kugawa mali kwa nguvu ya sheria. Mkikubaliana hapa, hakimu atayasoma makubaliano yenu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ardhi ni ya ukoo, hakuna atakayeibeba. Lakini mlichokifanya juu yake kwa nguvu zenu wawili ni mali ya ndoa. Nyumba, na mikorosho. Maji uliyobeba yanahesabika. Kupika kwako, kulea kwako, vinahesabika."

"Na kunyamaza kwangu je?"

Yustina akafunua faili lake.

"Dada Yustina, na ikiwa eda bado?"

"Sheria ya eda si fani yangu. Ila shehe aliniambia, eda ikiwa bado na mume akamrejea mkewe, basi ndoa ipo, na ndoa ikiwepo hakuna cha kugawa. Tunafunga mafaili tunakwenda nyumbani."

Moza akahisi moyo unamruka. Neno dogo tu. Aseme bado. Haruna anaweza kusema nimekurejea, na hapo mikorosho haitazungumzwa, mjomba hataaibishwa, Imani atampata baba yake jioni. Na nani angembishia? Dini imemwamini mwanamke katika jambo hilo, shahidi ni yeye mwenyewe na Mola wake. Mjomba alikuwa anajua, ndiyo, lakini mjomba hawezi kusimama mbele ya watu kutaja siku za mpwa wake. Angeona afadhali kufa.

Haruna alifika akiwa amevaa kanzu ile ya Idi, imejikunja vibaya, ya mtu anayejifulia mwenyewe. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," Abilahi aliitika akitazama kwingine.

"Mama Imani, hujambo?"

"Sijambo, Baba Imani." Macho yao yakakutana kidogo, na Moza akaona jambo ambalo mlango ulikuwa umemficha Ijumaa zote zile. Mwanamume huyu halali.

Shehe Huseni, mwenyekiti wa baraza la usuluhishi, alikuwa mtu mzima asiyependa maneno mengi. Aliwakaribisha mkekani, akawasomea dua, akawauliza kama kuna nafasi ya kupatana. Haruna akafungua kinywa, lakini shehe akanyanyua kiganja.

"Ngoja, mwanangu. Kila neno na mahali pake. Kwanza nijue mmesimama wapi." Akamgeukia Moza, akashusha sauti. "Binti yangu, hili ninakuuliza wewe, na neno lako ndilo litakaloshika. Hakuna atakayekuapisha. Eda yako bado, au imekwisha?"

Moza alimtazama Haruna. Alikuwa ameinama mbele kidogo, midomo imekaa tayari, na kwa miaka aliyoishi naye Moza alijua kabisa neno lililokuwa kwenye ulimi ule. Alikuwa amekuja nalo. Alilibeba kutoka chumbani kwake mjini mpaka hapa, na lilikuwa linangoja ruhusa yake tu. Moza aliona pia mikono ya mjomba wake inachezea tasbihi. Alilitaka neno lile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na akajua kwamba akilipokea kwa uongo, kila usiku atakaolala na mume huyu atakuwa analala na mwanamume asiye halali yake, na yeye peke yake ndiye atakayejua. Tena atakuwa amenyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomfikisha hapa.

"Imekwisha, shehe," alisema. "Jana alasiri."

Haruna akafumba macho.

"Jana alasiri," alirudia polepole. "Mimi nilikuwa mlangoni jana baada ya swala."

"Ndiyo."

"Shehe," Haruna alisema, na sauti yake ilikuwa imepasuka, "mimi leo nilikuja kumrejea mke wangu."

"Umechelewa, mwanangu. Mungu awape subira."

"Alhamdulillahi," alisema mjomba Abilahi kwa haraka mno, hata Yustina akamkata jicho. "Basi tusipoteze wakati. Mambo ni mepesi. Ardhi ni ya mama zetu, nyumba iko juu ya ardhi, mikorosho iko juu ya ardhi. Huyu bwana achukue nguo zake na baiskeli yake, na mtoto amletee matunzo. Tumemaliza."

"Mikorosho ilipandwa na nani?" shehe aliuliza.

"Na ukoo."

"Ukoo una mikono mingi, Mzee Abilahi. Nakuuliza mikono gani."

"Vijana wetu walisaidia. Miche ilitoka kwangu. Muulize mpwa wangu, atakwambia." Na hapo mzee akamgeukia Moza, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna mwingine aliyebaki hai kulijua. "Nambile. Waambie, mwanangu."

Jina lile lilimchoma. Kwa sauti ileile mjomba alikuwa akimwita kuja kula, wakati wa njaa, yeye mwenyewe akijifanya ameshiba. Moza alihisi machozi yanapanda, akayaacha yapande.

"Mjomba, umenilea, na mimi sitaacha kukuheshimu. Lakini ulikuwa hujawahi kushuka bondeni mpaka mikorosho ilipozaa. Miche aliinunua Haruna kwa fedha za kuuza mashua ya baba yake. Mashimo alichimba yeye, mikono ikatoka malengelenge, mimi nikawa namkanda kwa maji ya chumvi. Nilibeba maji. Hakuwepo kijana wa ukoo hata mmoja." Akamtazama Haruna. "Siku ile ya uji nilipaswa kuyasema haya. Sikuyasema. Nayasema leo, na najua yamekuja baada ya ndoa kuvunjika. Nayasema hivyohivyo."

Mjomba Abilahi hakupiga kelele. Alimtazama tu kwa muda mrefu, na Moza angeona heri angepigwa kofi.

Shehe akazungumza na Yustina, wakakubaliana namna ya kuandika. Nyumba ibaki kwa Moza na mtoto. Mikorosho igawanywe nusu kwa nusu, na nusu ya Haruna iandikishwe chama cha msingi kwa jina lake, awe na ruhusa ya kuingia kuitunza na kuvuna. Matunzo ya Imani yawe juu ya baba, kwa kadiri atakavyojaliwa. Hakuna aliyepinga. Ndoa nzima ikaingia katika maneno machache namna hiyo.

Ndipo Haruna alipouliza, "Shehe, mwanamke aliyemaliza eda, si anaposwa?"

"Anaposwa na yeyote."

"Hata na mimi?"

"Umetoa talaka moja. Unaweza. Lakini ni ndoa mpya, walii, mashahidi, mahari, na ridhaa yake."

"Basi ninaposa. Hapahapa, mbele yenu." Akamgeukia mjomba. "Mjomba, walii wake ni baba yake mdogo, najua, lakini wewe ndiye mwenye neno. Sina fedha. Mahari yangu ni ile nusu yangu ya mikorosho. Namkabidhi Moza yote."

Mzee Abilahi akakaa wima. Ungeona uso ule ulivyogeuka! Nusu ya mkwe ikiwa mahari ya mpwa, miti yote inarudi ukoo, tena kwa halali, tena kwa heshima.

"Hapo sasa umesema kama mtu mzima," alisema. "Mimi sina kipingamizi. Shehe, mimi sina kipingamizi kabisa."

Hata Yustina alitabasamu. Haruna alikuwa anamtazama Moza, na katika macho yale kulikuwa na kila kitu, Songo Mnara na Kilangala, usiku wa kwanza na usiku wa talaka. Kichwa cha Moza kilitaka kuinama chenyewe kukubali. Mwanamke gani angekataa?

"Sikubali," alisema.

"Moza!" Mjomba alikaribia kusimama.

"Sikubali mahari hiyo." Akamgeukia Haruna. "Haruna, ukinipa miti yako, kesho asubuhi utaamka ukiwa mkwe mwenye jembe tu. Watakucheka wakinywa uji. Na mimi nitakuwa mke yuleyule, anayemimina. Tutarudi hapahapa, na safari hiyo hutatamka talaka moja tu."

"Miti ni kitu gani mbele yako?" Haruna alisema. "Nitaishi bila miti."

"Uliwahi kujaribu, ukashindwa."

Haruna aliinamisha kichwa, na Moza akaona lilivyomwingia, mpaka ndani kabisa, kwa sababu lilikuwa kweli.

"Nenda kaandikishe miti kwa jina lako," alisema kwa upole zaidi. "Vuna msimu huu ukiwa mwenye chako. Wakuone. Ukimaliza kuvuna, kama bado una haja, nenda kwa baba mdogo ukapose kwa mahari yoyote utakayoipata. Hata ya kikombe."

"Na mpaka wakati huo?"

"Mpaka wakati huo mimi si mke wako."

"Na wakija wengine kuposa?"

"Watajibiwa."

"Watajibiwa nini, Moza?"

Alikaribia kumwambia. Mungu anajua alivyokaribia. "Hilo haliulizwi na mwanamume asiye mume wangu," alisema, akavuta ushungi usoni.

Shehe Huseni akawasomea Fatiha, na kila mtu akatia saini yake.

Walipotoka nje, benchi lilikuwa tupu na barabara tupu. Mjomba Abilahi alikuwa ametangulia kutoka, na gari la Kilangala alilopanda lilikuwa limekwisha kukata kona. Hakuwa amemsubiri. Katika maisha yote ya Moza mjomba yule hakuwahi kumwacha njiani, na Moza alisimama akitazama vumbi mpaka likatua.

Haruna alikuwa amekaa juu ya pikipiki ya kuazima, ufunguo mkononi. Alilitazama jua, akaitazama njia, akamtazama Moza. Alisogea mbele, akaacha nafasi nyuma yake kwenye kiti, jambo ambalo mwili wake ulizoea kulifanya bila kufikiri. Halafu akakumbuka, akarudi nyuma.

"Jana ningekupakia," alisema.

"Jana ulisimama mlangoni kwangu, Haruna. Hukusema."

"Nawe hukufungua."

"Sikufungua," Moza alikiri.

Yustina akamshika mkono, wakaanza kutembea kuelekea stendi. Nyuma yao pikipiki haikuwashwa. Moza alitega sikio hatua baada ya hatua, na hakugeuka.